Kabla ya Zege, Ulizeni Mto

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani ya kusini ya Tanzania, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika katika Wilaya ya Kilwa. Eneo la Somanga maji yalibeba tuta, yakabeba na makalavati yaliyokuwa chini yake. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili, na wasafiri wakashauriwa kuzunguka kupitia Songea. Wakati huohuo, kaskazini kidogo ya hapo, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilikuwa limesimama kama lilivyosimama tangu mwaka 2003.

Jambo hilo linastahili kutafakariwa. Rufiji, mto wenye bonde kubwa kuliko yote yaliyomo ndani ya Tanzania, haukuliangusha daraja lake. Vilivyowatenga watu wa kusini ni vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huvivuka bila kulowanisha magoti. Rufiji uliogopwa tangu mwanzo. Kwa sababu uliogopwa, ulipimwa, ardhi yake ikachimbwa, maji yake yakahesabiwa, na fedha zikatafutwa hadi kwa wafadhili wa nchi za Kiarabu. Kijito kisicho na jina hakimwogopeshi mtu. Hupewa kalavati la kipimo cha kawaida na msafara unasonga mbele. Lakini basi la Mtwara linahitaji kupita kote kuwili, na barabara huwa imara kwa kadiri ya kivuko chake kilicho dhaifu kuliko vyote.

Siku ya kuzindua daraja tunatajiwa urefu wake, gharama yake na idadi ya njia za magari. Ni habari nzuri, na fahari tunayoiona siku hiyo ni ya haki. Hata hivyo, hayo ni matokeo. Maswali yaliyoamua kama daraja litadumu yaliulizwa miaka mingi kabla, mahali ambapo hapakuwa na kamera wala ngoma: maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa? Chini ya mchanga huu kuna nini, na kwa kina gani? Mto huu umewahi kuhama? Naamini wananchi wanapaswa kuyafahamu maswali hayo na kuyauliza kwa sauti, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha daraja la miaka 100 na daraja la misimu michache.

Tuanze na Rufiji wenyewe. Kabla ya 2003 magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua za masika zilipokolea, safari ya kusini iligeuka kuwa ya siku kadhaa kwenye tope la bonde. Ukiutazama mto huo mwezi Oktoba unaweza kujiuliza kwa nini daraja likaribie kilomita moja wakati maji yanatosha sehemu ndogo tu ya upana huo. Jibu ni kwamba daraja halijengwi kwa ajili ya maji ya Oktoba. Rufiji ukijaa hutoka kitandani na kutandaa bondeni. Ukiuwekea daraja fupi lenye tuta refu kila upande, umeubana. Maji yaliyobanwa hupanda upande wa juu, kisha hupita mlangoni kwa kasi, na kasi hiyo huchimba.

Hapa ndipo kishawishi kilipo. Tuta la udongo ni rahisi sana kwa bei kuliko daraja la zege. Kila mita unayoipunguza kwenye daraja na kuihamishia kwenye tuta inaonekana kama fedha iliyookolewa. Kwenye karatasi ya makadirio inapendeza. Gharama yake haionekani hadi usiku mmoja wa Aprili.

Kuchimba huko ndiko kunakowanyima usingizi wahandisi wa madaraja duniani kote. Watu wengi hudhani daraja huanguka kwa kuelemewa na uzito au kwa zege kupasuka. Yako yanayoanguka hivyo, lakini mengi yanayovuka maji huangushwa kutoka chini: mkondo unazunguka mguu wa nguzo, unanyanyua mchanga, shimo linakua, na nguzo iliyo nzima kabisa inabaki haina pa kukalia. Tarehe 5 Aprili 1987, katika jimbo la New York nchini Marekani, daraja la barabara kuu lililovuka mto Schoharie Creek lilianguka wakati wa mafuriko na kuua watu 10. Wachunguzi walikuta kwamba maji yalikuwa yamechimba chini ya msingi uliokalia udongo bila nguzo za kwenda chini zaidi, na kwamba mawe yaliyowekwa kuukinga msingi huo yalikuwa yamehamishwa na mafuriko ya miaka iliyotangulia bila kurudishwa. Shimo la aina hiyo hufanyika wakati maji yamechafuka na hakuna anayeweza kuliona. Mara nyingi mafuriko yakipungua mchanga hurudi na kulifunika, mtu akapita juu akaona kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo mhandisi wa kweli hukaa sana na maji kabla ya kukaa na zege. Anataka kujua mafuriko makubwa yana ukubwa gani, na hapo anatumia lugha ambayo imewapotosha wengi: mafuriko ya miaka 50, mafuriko ya miaka 100. Msomaji hudhani maana yake ni kwamba yakija leo hayatarudi hadi zamani za wajukuu. Sivyo. Mafuriko ya miaka 100 ni yale yenye nafasi moja katika 100 ya kutokea mwaka wowote ule, na mwakani nafasi ni ileile. Daraja linalotarajiwa kuishi miaka 100 lina uwezekano wa takriban asilimia 63 wa kukutana nayo angalau mara moja. Kalavati lililopimwa kwa mafuriko ya miaka 25 tu, likikaa barabarani miaka 50, lina uwezekano unaokaribia asilimia 87 wa kukutana na maji yanayolizidi. Huhitaji kuwa mhandisi kuona kwamba hesabu ya pili inatungoja tu.

Ili kujua mafuriko ya miaka 100 unahitaji kumbukumbu ndefu za mvua na za kina cha mito, na katika nchi zetu kumbukumbu hizo zina mapengo. Kipimo kikisombwa na mto au mlinzi wake akistaafu bila kuachiwa mwenzake, miaka inapita bila kuandikwa. Ndiyo maana wapimaji wazuri, pamoja na tarakimu zao, huenda kuwauliza wazee wa kijiji. Maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika kwenye mti upi? Yaliingia nyumba gani? Mzee akionyesha alama kwenye ukuta wa kanisa au wa msikiti, mpimaji anaweka kipimo chake pale na kupata takwimu ambayo ofisi yoyote ingeihitaji. Kazi hiyo haina gharama kubwa. Inahitaji muda na adabu.

Baada ya maji, udongo. Wachimbaji huja na mtambo wao wa miguu mitatu, wakatoboa ardhi mahali kila nguzo itakaposimama. Wanadondosha nyundo ya kilo 63.5 kutoka kimo cha sentimita 76, wanahesabu mapigo mangapi yanahitajika ili bomba lizame sentimita 30. Wanarudia hivyo kila baada ya mita moja au zaidi kidogo, wakishuka. Mapigo manne: mchanga laini, usiuamini. Mapigo 50: hapa panabeba. Kutokana na hesabu hiyo ya nyundo unajulikana urefu wa nguzo za msingi zitakazofichwa ardhini, ambazo huenda zikala fedha nyingi kuliko nguzo zinazoonekana. Ukichimba matundu mawili ili kuokoa gharama ya matundu kumi, hujaokoa chochote. Mkandarasi atayagundua yale manane mengine akiwa na mitambo eneo la kazi, na kila siku ya kusubiri utailipia.

Yakishajulikana hayo ndipo swali la zege au chuma linapokuwa na maana. Zege ni hodari kubanwa na dhaifu kuvutwa; uwezo wake wa kuvumilia mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kuvumilia mbano. Boriti ikilemewa katikati, upande wake wa juu hubanwa na wa chini huvutwa, kwa hiyo nondo huwekwa chini ili zibebe mvuto ambao zege haliuwezi. Hiyo inatosha kwa daraja fupi. Kwa daraja refu, uzito wa zege lenyewe unakuwa ndio mzigo mkubwa. Mfaransa Eugène Freyssinet alipata njia aliyoisajili mwaka 1928: pitisha nyaya za chuma kigumu ndani ya zege, zivute kwa nguvu, kisha zifunge ncha zake, ili zege liwe limebanwa hata kabla gari la kwanza halijapita. Mzigo wa kuni uliofungwa kamba barabara hubebeka kichwani kama gogo moja. Ukilegea kila ukuni unakwenda njia yake. Waliomtangulia Freyssinet walijaribu kwa nondo za kawaida wakashindwa, kwa kuwa zege husinyaa polepole kwa miezi na miaka na kuumaliza mvuto wote wa chuma hafifu. Yeye alielewa kwamba chuma lazima kiwe kigumu kiasi cha kubakiwa na nguvu baada ya zege kuchukua fungu lake. Madaraja yetu mengi makubwa ya siku hizi yanaishi kwa elimu hiyo.

Chuma, kwa upande wake, ni chepesi ukilinganisha na nguvu zake, hutengenezwa kiwandani na kupandishwa haraka, na huvuka korongo bila kuhitaji mirunda chini. Lakini kina maadui wawili: kutu na uchovu. Uchovu ni ule ufa mdogo unaoanzia kwenye kasoro isiyoonekana na kukua kidogo kila mzigo unapopita. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge juu ya mto Ohio nchini Marekani liliporomoka jioni likiwa limejaa magari, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi kwenye kiungo kimoja cha mnyororo wa chuma ulioshikilia daraja, na hapakuwa na njia nyingine ya kuubeba mzigo kile kilipokatika. Kutokana na msiba huo Marekani iliweka utaratibu wa kitaifa wa kukagua madaraja kwa vipindi maalumu. Utaratibu huo ulilipiwa kwa roho za watu. Sisi tunaweza kuuiga bila kulipa bei hiyo.

Reli inaongeza ukali wa kila kitu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa kuliko yote kuwa na uzito wa tani 56, mzigo na gari pamoja. Reli ya kisasa ya Tanzania, SGR, imesanifiwa kubeba tani 35 kwa ekseli moja. Maana yake ekseli mbili tu za behewa zinaweza kulizidi lori zima, na nyuma yake zinakuja nyingine na nyingine, zote zikikanyaga mstari uleule. Lori likifunga breki darajani, daraja halijali sana. Treni ndefu ya mizigo ikifunga breki, nguzo zote husukumwa kwa pamoja kuelekea mbele, na msukumo huo lazima uwe umehesabiwa kwenye msingi. Boriti ya barabara ikijipinda kidogo, dereva hasikii. Boriti ya reli ikijipinda vivyo hivyo chini ya treni ya abiria ya kilomita 160 kwa saa, reli zinapoteza unyoofu. Kwa hiyo daraja la reli huwa nene na gumu kuliko lile la barabara lililo jirani yake, na anayelalamika kwamba limegharimu zaidi akumbuke linabeba nini.

Kuna na suala la mwinuko. Chukua Likoni, Mombasa, ambako watu wamevuka kwa feri vizazi na vizazi. Mara nyingi huulizwa: mlango wa maji ni mwembamba, kwa nini daraja la kudumu limechukua miaka yote hii? Tatizo liko kwenye meli. Chini ya daraja lolote la pale zinapaswa kupita meli kubwa za kwenda Kilindini. Tuseme barabara inapaswa kupanda hadi mita 60 juu ya maji. Kwa mwinuko wa mita 4 katika kila mita 100, unahitaji kilomita moja na nusu ya kupanda upande mmoja na kilomita moja na nusu ya kushuka upande wa pili, zote zikipita katikati ya nyumba, maduka na makaburi ya watu. Reli ya mizigo, ambayo haipendi kupanda zaidi ya mita 15 hivi katika kila mita 1,000, ingehitaji kilomita nne kila upande. Maji yenyewe ni mita mia kadhaa tu. Mpangaji wa daraja la pale anapanga mji kuliko anavyopanga mlango wa bahari.

Mwinuko huohuo ndio ulioziponza reli zetu za zamani, na hapa nataka kukaa kidogo, maana historia ya Kilosa ina mafunzo ambayo vitabu vingi vya uhandisi havina.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kutoka tambarare za Kilosa kwenda uwanda wa juu wa Dodoma kuna ukuta wa milima. Kichwa cha treni cha mvuke hakikuweza kuupanda moja kwa moja. Lakini mto ulikuwa umeshaifanya kazi hiyo: Kinyasungwe na Mkondoa ilikuwa imekata bonde lenye mteremko mpole kati ya Gulwe na Kilosa. Reli ikashika bonde, ikafuata kingo za mto, ikavuka vijito vyote vinavyoumwagia maji kutoka milimani. Kwa hesabu ya wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara, na sijui ni nani angeamua vingine.

Ila njia rahisi ya reli ni njia ya maji pia. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mvua kubwa ziliyaleta maji na watu wa Kilosa wakapoteza makazi kwa maelfu. Reli ilisombwa mahali kadhaa katika kipande hicho, na huduma ikasimama kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza. Yeyote aliyeishi kwa reli hiyo, awe mchuuzi wa Gulwe au mkulima anayesubiri behewa Kigoma, anajua kwamba masika yakikaza, habari za kukatika kwa reli huja kutoka kipande kilekile.

Shirika la maendeleo la Japani, JICA, lilikuja baadaye kuchunguza namna ya kukikinga kipande hicho, na uchunguzi wa namna hiyo haukomei kwenye reli. Vijito vya kutoka milima ya Mpwapwa na Kilosa huleta maji, na pamoja na maji huleta mchanga. Kila mlima unaokatwa miti na kulimwa bila matuta huutuma udongo wake mtoni. Mchanga ukifika bondeni, ambako mwendo wa maji unapungua, unatua. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Daraja halijasogea hata kidole, lakini nafasi kati ya maji na boriti inapungua, hadi inafika siku mafuriko ya kawaida yanapita juu ya reli. Aliyelisanifu daraja alipima vizuri. Kilichobadilika ni mto. Ndiyo maana nasema mpango wa daraja unaoishia mita 50 juu na mita 50 chini ya kivuko haujakamilika. Mwenye daraja la Kilosa ana haki, na wajibu pia, wa kuuliza kinachoendelea kwenye mashamba ya milimani.

SGR, iliyofika Dodoma na huduma yake kuzinduliwa rasmi Agosti 2024, iliingia milima hiyo kwa kutoboa mahandaki manne na kujenga madaraja kwa viwango vya leo. Vichwa vya umeme vina nguvu ambazo mvuke haukuwa nazo. Hata hivyo SGR nayo inapita katika nchi ileile, chini ya milima ileile na mvua ileile. Kila kalavati lake linastahili mtu wa kulikagua kabla ya vuli na baada ya masika, mwenye koleo, kamera na mamlaka ya kuandika barua inayojibiwa.

Reli ya TAZARA ilichukua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi wa Tanzania, Zambia na China waliyakabili makorongo kati ya Mlimba na Makambako kwa kuyavuka badala ya kuyafuata. Daraja la Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50 hivi, katikati ya msitu na milima. Reli nzima ya kilomita 1,860 ina madaraja zaidi ya 300, na ilijengwa kwa muda wa takriban miaka mitano. Anayepita pale kwa treni hawezi kukosa kuona heshima ya kazi ile.

Ziwa nalo lina tabia zake. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita tatu na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Waliokuwa wakisubiri kivuko kwa saa nzima au zaidi sasa wanavuka kwa dakika chache, na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Bugando kutoka Sengerema hasubiri tena zamu ya pantoni. Watu huona ziwa ni maji yaliyotulia, lakini kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda takriban mita mbili, na Mei 2020 likakivuka kidogo kiwango hicho cha 1964. Anayeweka sitaha juu ya ziwa hilo anaweka kwa ajili ya kiwango ambacho hakijaonekana bado, pamoja na mawimbi yatakayokuwa juu yake.

Baharini adui ni chumvi. Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lililozinduliwa Machi 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kila siku hupigwa na upepo wenye chumvi. Chumvi hupenya zege polepole hadi kwenye nondo; nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kinga yake ni zege lisilo na matundu na tabaka nene la kutosha kuifunika nondo. Tofauti ya sentimita mbili hapo inaweza kuwa tofauti ya miongo. Fundi anayesahau kuweka vikalio vya kuinua nondo kabla ya kumwaga zege amelipunguzia daraja umri, na hakuna atakayejua hadi michirizi ya kahawia itakapoanza kutokea ukutani. Kule Genoa, Italia, nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege ziliharibiwa na kutu kwa miaka mingi, na tarehe 14 Agosti 2018 sehemu ya Daraja la Morandi ikaanguka na kuua watu 43. Kilichofichwa kinahitaji kukaguliwa zaidi, na msanifu mzuri huacha njia ya kukifikia.

Hata usanifu ukiwa sahihi, siku za ujenzi zina hatari zake. Tarehe 26 Juni 2017 daraja la Sigiri kwenye Mto Nzoia, kaunti ya Busia nchini Kenya, liliporomoka likiwa bado linajengwa, na mafundi kadhaa wakajeruhiwa. Wiki chache kabla lilikuwa limetembelewa na viongozi. Watu wa Bunyala walikuwa wamelingoja sana, kwani pale walivuka kwa mitumbwi na ndugu zao walikuwa wamezama. Daraja lisilokamilika halina nguvu za daraja lililokamilika: uzito wake hauko pale msanifu alipouweka, na zege bichi ni mzigo tu hadi likomae. Vipande vya majaribio vya zege hubanwa maabara siku ya 28 kwa sababu hiyo. Kipande kikishindwa, kazi inasimama. Anayemshinikiza mkandarasi amalize kabla ya tarehe fulani ajue anacheza na siku hizo 28.

Turudi basi kwa watu wa kusini. Baada ya Hidaya, palipokuwa na makalavati kwenye barabara ya Lindi palianza kujengwa madaraja. Wakati huohuo, Rufiji nao si ule wa 2003. Juu yake sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, na bwawa hushika mchanga. Maji yanayotoka bwawani bila mchanga huuchota kutoka kitandani mwa mto yanakopita. Inaweza kuchukua miaka mingi mabadiliko hayo kufika kwenye Daraja la Mkapa. Kina cha mto kwenye miguu ya nguzo zake kinapaswa kupimwa kila mwaka na vipimo kuwekwa wazi, ili mabadiliko yaonekane yakiwa bado ni sentimita.

Dar es Salaam kwenyewe kuna Jangwani. Miaka mingi Barabara ya Morogoro imefungwa pale kila Mto Msimbazi unapofurika, na karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyowekwa bondeni imejaa maji mara nyingi. Mpango wa sasa ni kuinua barabara juu ya daraja jipya la takriban mita 390, mahali ambapo wakati wa kiangazi mkondo wa maji ni mwembamba. Urefu huo ni kibali cha kuupa mto bonde lake. Sehemu nyingine ya mradi huohuo iko mbali na zege: kuondoa mchanga na taka, kuwahamisha kwa fidia wanaoishi ndani ya njia ya maji, na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko ya juu, kuanzia Pugu. Mwakilishi wa serikali za mitaa wa Pugu, Gongo la Mboto au Vingunguti anayetaka kujua daraja la Jangwani litafanya kazi miaka mingapi, aanze kuuliza kuhusu sehemu hiyo: imetengewa shilingi ngapi mwaka huu, na nani anaisimamia.